Miaka 30 ikiisha, nani anamwangalia?

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ilipoanza kutumika mwaka 1998, adhabu ya kubaka iliwekwa isipungue miaka 30, na anayembaka mtoto wa chini ya miaka 10 akawekewa kifungo cha maisha. Sasa piga hesabu. Waliohukumiwa mwanzo kabisa, hata kama hawakupunguziwa siku moja, wanamaliza mwaka 2028. Wengine wameshatoka kabla ya hapo, kwa punguzo la wenye mwenendo mzuri gerezani au kwa msamaha. Wanarudi Chang'ombe, Kizota, Bahi, Kongwa na Mpwapwa. Wanafikia kwa mama aliyebaki hai, au kwa mdogo wao waliyemwacha akiwa darasa la pili na ambaye leo ana nyumba na watoto wake. Sheria imeeleza kwa kirefu namna ya kumfunga mtu huyu. Siku ya kutoka haina maelezo.

Nimekaa kwenye kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya mtaa wetu hapa Dodoma, zile kamati zilizozaliwa na MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto. Nimemshika mkono mama wa mtoto aliyeharibiwa, na nimekaa kwenye mkeka na mama ambaye mwanawe ndiye aliyefungwa. Msimamo wangu nausema mapema ili msomaji asiutafute: nataka polisi wawafuatilie watu hawa wakitoka. Nataka ufanyike kisheria, uwe na mwisho, taarifa zake zilindwe, na anayefuatilia naye awe na wa kumfuatilia. Maana kufuatiliwa wanafuatiliwa tayari, tena kila saa, ila na watu wasio na mamlaka wala mipaka.

Tarehe 9 Desemba 2017, kwenye sherehe za Uhuru Uwanja wa Jamhuri, hapa hapa mjini, Rais Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 8,157. Miongoni mwao walikuwemo Nguza Viking, tunayemjua kama Babu Seya, na mwanawe Papii Kocha, waliokuwa wakitumikia kifungo cha maisha tangu 2004 kwa kubaka watoto wa shule ya msingi. Nchi iligawanyika usiku ule ule. Wapo walioamini miaka yote kwamba wale watu walionewa, na Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilikuta kwamba baadhi ya haki zao katika kesi ile zilivunjwa kweli. Wapo waliowawaza wale watoto, ambao kufikia siku ile walikuwa wasichana wakubwa. Juu ya hatia yao sina la kuongeza. Nilichokisubiri katika mabishano yote yale, na sikukisikia, ni swali la kiofisi tu: mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa la namna hii akitoka, anaripoti wapi, kwa nani, mpaka lini? Na kesi ile inatukumbusha jambo la pili. Orodha yoyote ya wakosaji inajengwa juu ya hukumu za mahakama, na hukumu ikiwa na walakini, orodha nayo inaubeba walakini huo huo na kuutembeza mtaa hadi mtaa.

Mtaani kwetu jibu tulishalitoa wenyewe. Mzee mmoja alirudi. Habari zilimtangulia. Asubuhi moja akiwa gengeni ananunua nyanya na kifungu cha mchicha, kuna mtu alimpiga picha kwa pembeni, akaitupia kwenye grupu la mtaa, lile lile la kutangaziana misiba na mgao wa maji. Chini yake akaandika: huyu ndiye aliyemharibu binti wa fulani, sambazeni. Na jina la yule mama aliliandika, kwa nia njema kabisa, nina hakika. Hadi jioni picha ilikuwa imezunguka ikaturudia kutoka kwenye magrupu mengine, imeongezewa watoto wengine watatu ambao hakuna mahakama iliyowahi kuwasikia, na ugonjwa. Yule binti ni mtu mzima sasa. Ameolewa mtaa wa tatu kutoka hapo, na mawifi zake wamo kwenye grupu. Kitu ambacho yeye na mama yake walikikalia kimya miaka yote ile, wakweze walikisoma kwenye simu wakati wa chakula cha mchana.

Kikaitishwa kikao pale ofisi ya serikali ya mtaa, chini ya mwarobaini. Viti vya plastiki havikutosha, vijana wakakaa juu ya pikipiki zao. Mama mmoja muuza vitumbua ndiye aliyesimama kwanza.

"Ndugu mwenyekiti, wajukuu zangu wanapita mlangoni kwake kwenda shule. Mimi naomba nijibiwe hilo tu."

Mtendaji akajibu kwa upole kwamba yule bwana amemaliza adhabu yake na serikali haina neno naye. "Basi neno tunalo sisi," kijana mmoja akadakia, na makofi yakapigwa. Mkaguzi wa polisi wa kata, ambaye mimi nilimheshimu siku ile kwa kusema ukweli, akasimama akasema hana jalada la huyo mtu, hakuandikiwa barua kwamba anakuja, na hakuna kifungu kinachompa ruhusa kwenda kumgongea mlango wakati hajashtakiwa kwa lolote jipya. "Nikienda bila sheria, mama yangu, mimi ndiye nitakuwa mkosaji."

Kisha akasimama dada yake. Mwanamke mwembamba, kanga kiunoni, ametoka sokoni Majengo moja kwa moja na ndoo yake. "Kaka yangu analala chumba cha uani. Usiku mlango nafunga mimi kwa nje, asubuhi nafungua mimi. Wanangu nimewapeleka kwa bibi yao Kondoa. Mkiniambia pa kumpeleka, nitampeleka." Akakaa. Hakuna aliyempigia makofi, na hakuna aliyemjibu.

Huyo dada ndiye mfumo mzima wa usimamizi tulionao. Hana mafunzo, hana namba ya kumpigia mtu usiku mambo yakiharibika, na kwa kumfungia mtu mzima kwa nje kila usiku anatenda jambo ambalo siku moja linaweza kumpeleka mahakamani yeye. Kwa kubeba mzigo wa ulinzi wetu sote, amewatoa wanawe nyumbani kwake. Ninapowasikia wabunge wakisimama, kama wanavyofanya mara kwa mara, kudai wabakaji wahasiwe au wafungwe wasitoke tena, namkumbuka yeye. Adhabu kali inapigiwa makofi bungeni na mitaani. Kumsimamia mtu akitoka hakupigiwi makofi, kwa hiyo hakuna aliyekushughulikia.

Yule mzee hakukaa. Baada ya mawe mawili matatu juu ya bati usiku, akaondoka. Wengine wanasema yuko upande wa Manyoni, wengine wanasema Kiteto. Mtaa ukapumua. Lakini kokote aliko sasa anaishi kati ya watu wasiojua chochote, hana dada wa kufunga mlango, na mkaguzi wa kata ya huko hana hata fununu. Kumfukuza kulikuwa ni kumpoteza machoni, na aliyefaidika na hilo ni yeye peke yake, kama kweli ana nia mbaya.

Wenzetu wamelipitia hili kabla yetu, wakafanya makosa ya wazi ambayo hatuna haja ya kuyarudia. Marekani walichagua kuanika. Tangu sheria ya shirikisho ya mwaka 1996 inayoitwa kwa jina la mtoto Megan, majimbo yanatakiwa kuwajulisha wananchi, na leo mtu yeyote anaweza kufungua tovuti akaona picha na anwani. Walioandikishwa ni zaidi ya 700,000. Miji na kaunti zikaongeza masharti ya pa kuishi. Kaunti ya Miami-Dade, Florida, iliweka futi 2,500 kutoka shule, kama mita 760, na matokeo yake watu kwa makumi waliishia kulala chini ya daraja la Julia Tuttle, katikati ya maji, kwa miaka kadhaa hadi 2010, maafisa waliokuwa wakiwasimamia wakijua. Chora duara la mita 760 kuzunguka kila shule, chekechea na madrasa ya Makole au Majengo uone kama kutabaki hata kibaraza kimoja. Mtu asiye na kitanda, kazi wala ndugu wa kumuuliza ulikuwa wapi jana, huyo ndiye wa kuogopwa kuliko wote.

Uingereza walianza rejista kwa sheria ya mwaka 1997, ikaimarishwa na ya 2003. Aliyetiwa hatiani anatakiwa ndani ya siku 3 kwenda polisi kutoa jina, anwani, pasipoti na akaunti za benki, kila mwaka anarudi kuthibitisha, na akitaka kusafiri nje ya nchi au kuishi kwenye nyumba yenye mtoto anatoa taarifa. Polisi humtembelea nyumbani bila hodi ya mapema, na anayeonekana wa hatari zaidi hutembelewa zaidi. Rejista hiyo haiko hadharani. Mwaka 2000, baada ya mauaji ya mtoto Sarah Payne, gazeti la News of the World lilianza kuchapisha majina na picha, na huko Paulsgrove, mtaa wa mji wa Portsmouth, umati ulizunguka usiku baada ya usiku, familia zisizo na hatia zikahama kwa hofu. Jibu la serikali, miaka michache baadaye, lilikuwa la katikati. Mzazi mwenye wasiwasi na mtu aliye karibu na mwanawe anaweza kuuliza polisi, na polisi wakiona hatari ipo wanamwambia yule tu anayeweza kumlinda mtoto, kwa sharti la kutolisambaza. Tangu 2011 utaratibu huo uko England na Wales nzima. Naupenda, kwa sababu unampa muuza vitumbua wetu jibu bila kumwanika yule binti kwa wakweze.

Hofu yenyewe nayo inahitaji kupimwa. Mwaka 2002 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya McKune dhidi ya Lile, ilitaja kwamba wakosaji wasiotibiwa wanaorudia wanaweza kufika asilimia 80. Watafiti walipoifuata namba hiyo hadi chimbuko lake, walikuta makala ya mwaka 1986 kwenye jarida la kawaida la saikolojia, ya mtu aliyeendesha programu ya ushauri gerezani, bila utafiti nyuma yake. Wakati huo huo, Hanson na Bussière wa Kanada walikuwa wameshakusanya mwaka 1998 tafiti 61 za wakosaji zaidi ya 23,000 na kukuta waliorudia kosa la kujamiiana ndani ya miaka 4 hadi 5 ni kama 13 kati ya 100. Hao ni waliojulikana. Aliyetenda tena na mtoto akanyamaza hayumo. Hata hivyo tofauti ya 13 na 80 ni kubwa mno kuipuuza. Inasema kwamba wengi hawatarudia, wachache watarudia, na kazi ya polisi ni kujua nani ni nani. Askari anayewafuatilia wote kwa uzito mmoja anachoka kabla hajamfikia yule mmoja.

Na kuna jambo ambalo rejista yoyote haiwezi kulitibu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulikuta kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikia miaka 18. Watoto wote hao hawakuharibiwa na watu waliotoka gerezani. Kwenye kamati yetu, majina yanayoletwa ni ya baba mdogo, mpangaji, mwalimu wa tuisheni, kijana wa bodaboda anayempeleka mtoto shule kila siku, binamu aliyekuja likizo. Mengi yanaishia kwa kikao cha ndugu, mbuzi na pesa ya dawa. Mtu huyo hana jalada, hatakuwa kwenye orodha yoyote, na tukijiaminisha kwamba hatari ni yule tu aliyepigwa picha gengeni, tunamwachia mtoto mtu huyu wa ndani ya nyumba.

Wapo pia watoto waliotenda. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 131, inasema kijana wa miaka 18 au chini akibaka kwa mara ya kwanza adhabu ni viboko tu. Anachapwa, anarudi nyumbani, mara nyingine uani ule ule anakoishi aliyemfanyia. Sitaki kijana huyo abebe alama maisha yake yote. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisikiliza shauri la mmoja aliyekuwa na miaka 11 alipotenda kosa, akawekwa kwenye rejista ya maisha bila nafasi ya kuomba kuondolewa, na majaji wakasema kufungiwa namna hiyo bila mapitio kunakiuka haki ya maisha binafsi. Tangu 2012 mtu mzima anaweza kuomba aangaliwe upya baada ya miaka 15, na aliyekosa akiwa mtoto baada ya miaka 8. Lakini kati ya viboko na alama ya maisha kuna nafasi kubwa ya ustawi wa jamii, ya mshauri anayemwita kila wiki, ya mtu anayehakikisha halali chumba kimoja na wadogo zake. Sisi nafasi hiyo tumeiacha wazi.

Watu huniambia: sisi tuna nyumba kumi, tuna ulinzi shirikishi, tuna daftari la wakazi kwa mwenyekiti, rejista ya nini tena? Kweli, tuna mazoea ya kuangaliana tangu enzi za TANU, na mjumbe mzuri anajua nani amelala wapi. Lakini tumeona pia yanakofika. Sungusungu walizaliwa kanda ya magharibi na ziwa miaka ya mwanzo ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, sheria ikawatambua mwaka 1989, na wizi ulipungua. Katika kanda hiyo hiyo, vikongwe wenye macho mekundu ya moshi wa kuni waliuawa kwa kudhaniwa wachawi, na waliowanyooshea vidole walikuwa jirani zao. Jirani anajua mengi, na hana wa kumuuliza alilijuaje.

Na polisi je? Nawaamini kwa kiasi, na kiasi hicho nataka kiandikwe. Agosti 2024 video ya binti akibakwa na kundi la vijana ilisambaa nchi nzima. Kesi ilisikilizwa hapa Dodoma, na tarehe 30 Septemba 2024 wanne wakahukumiwa kifungo cha maisha. Lakini kabla ya hukumu gazeti lilimnukuu kamanda wa polisi wa mkoa akimzungumzia binti yule kama mtu anayejiuza, na ikabidi aondolewe kwenye nafasi yake. Kama mdomo wa juu kabisa mkoani uliteleza hivyo mbele ya mwandishi wa habari, rejista yenye anwani za watu, na nyuma yake majina ya watoto waliowaumiza, tutaikabidhi kituoni kwa masharti gani? Askari aliyeudhiwa na mtu anaweza kupiga picha ukurasa mmoja kwa simu yake ndani ya sekunde mbili. Anaweza kumfuata mtu kila mwisho wa mwezi kumkumbusha kwamba anajua alikotoka, mpaka mkono utoke mfukoni.

Kwa hiyo masharti yangu ni haya. Rejista ikae makao makuu, isikae kwenye daftari la kaunta. Kila anayeifungua aache jina lake, saa na sababu, na mtu wa nje ya polisi azisome kumbukumbu hizo. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo, na sheria yake ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za makosa kwenye kundi la taarifa nyeti, kwa hiyo pa kuanzia papo. Muda wa kusimamiwa utamkwe na mahakama siku ya hukumu, mfungwa aujue, awe na haki ya kuomba upitiwe. Afisa wa kata atakayemtembelea afike mchana na kwa nguo za kawaida, amuulize kazi, pombe, nani anakuja nyumbani, na amuulize dada yake pia, faragha. Shule, vituo vya kulelea watoto, makanisa, madrasa na wanaoendesha magari ya wanafunzi walazimike kudai cheti cha tabia njema cha polisi, kile kinachotokana na alama za vidole, ambacho sasa wengi wetu tunakijua kama karatasi ya kwenda nje ya nchi. Jibu linalotoka liwe ndiyo au hapana, anafaa kufanya kazi na watoto au hafai, bila simulizi. Kenya wameandika rejista yao ndani ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 na kumkabidhi Msajili wa Mahakama Kuu. Hilo la kuiweka mahakamani badala ya kituoni tulitazame vizuri.

Ataniuliza mtu: yaani mnataka kumlinda mbakaji? Kwenye faragha yake ya msingi, ndiyo. Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi na maskani yake, na haikuandika isipokuwa fulani. Sheria inaweza kuipunguza kwa sababu nzito, na usalama wa mtoto ni sababu nzito kuliko zote nizijuazo. Ila ipunguzwe na sheria, kwa kipimo, na siyo na simu ya mpita njia gengeni.

Kuna mtu mmoja ambaye katika kikao kile hakuitwa wala hakutajwa na mtu yeyote, yule binti. Alijua kwamba mtu wake ametoka alipoiona picha kwenye simu ya wifi yake. Uingereza, mkosaji wa kujamiiana akifungwa miezi 12 au zaidi, aliyeumizwa huulizwa kama angependa kujulishwa hatua zinazoelekea kuachiliwa kwake, na anaruhusiwa kuomba masharti, kwa mfano asikanyage mtaa anaoishi. Akisema hataki kujua, anaachwa. Hapa kwetu, tarehe ya kutoka inafahamika gerezani miezi mingi kabla. Jina la mama wa mtoto na kijiji au mtaa wake vimo kwenye jalada la polisi. Polisi na Magereza wote wako chini ya Wizara moja ya Mambo ya Ndani, ambayo ofisi zake ziko hapa hapa Dodoma. Kumpigia yule binti simu kabla lango halijafunguliwa hakuhitaji rejista, kompyuta wala bajeti ya mwaka ujao. Kunahitaji waraka wa ukurasa mmoja unaomtaja kwa cheo afisa atakayepiga.